Seli Zilizonona

Kazini walimwita Birika, na aliyempa jina hilo hakuwa adui yake. Alikuwa wifi yake. Ukitaka jina limgande mtu, mwachie wifi kazi ya kulitunga.

Ilikuwa siku ya kwanza Birika alipopika ukweni. Alipima mchele kwa kikombe, kikombe kimoja watu wawili, kama mama yake alivyomfundisha, na wali ukaisha watu wakiwa bado wanasogeza viti. Wifi, dada mkubwa wa bwana harusi, alichungulia sufuria, akamtazama bibi harusi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Kumbe kaka yangu ameoa mkono wa birika!" Watu walicheka mpaka wakasahau njaa yao. Na kwa kuwa bahati haina adabu, wifi huyo huyo alifanya kazi taasisi moja na Birika, korido moja, vyumba viwili kando. Jina lilifika kazini kabla Birika mwenyewe hajarudi kutoka likizo.

Tuseme ukweli, Birika hakuwa mchoyo. Alilelewa katika nyumba ya watoto wengi na sufuria moja, ambamo kumwaga ni kosa na kubakiza ni akili. Mkono wake ulijua kupima kabla haujajua kuandika. Lakini nenda kamweleze wifi hayo! Wifi alikuwa mtu wa tele. Akikaanga yai, yai linaogelea. Ukila kwake sahani mbili anakuuliza kama unaumwa. Na tangu siku ile ya wali, hakuwahi kuja nyumbani kwa Birika bila chombo chake mwenyewe cha chakula, kimefungwa kwa kitambaa, kimekumbatiwa kama mtoto. "Sijakileta kwa ubaya," angesema akikitua mezani. "Nimekileta tu kwa usalama." Birika alicheka kila mara, na kila mara moyo ulimchoma kidogo.

Wote wawili walikuwa walezi wa seli. Ndiyo, kazi hiyo ipo. Unachukua seli za binadamu, ndogo kiasi kwamba bila darubini ni kama hakuna kitu, unazikuza ndani ya visahani vya plastiki, unazilaza kwenye kabati lenye joto la mwili, na unazinywesha maji ya rangi ya waridi yenye sukari, chumvi na seramu, ile sehemu ya damu ya ndama iliyochujwa ikabaki na lishe yake yote. Wifi alikuza seli za chumba cha vipimo, na zake zilisifika jengo zima. Zilijaa kisahani kabla hujageuka. Birika alikuza zake kwa sababu ya ugomvi binafsi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa na kirusi cha kidingapopo, yaani homa ya dengi. Mbu mmoja asiye na haya alimuuma Birika mchana kweupe, na kwa homa ile akaijua mifupa yake yote, hata ile ambayo hakuwa na habari kuwa anayo. Alipopata nguvu za kukaa kitako, neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Huyu nitamjua ukoo wake."

Na akamjua. Kirusi ni mgeni wa ajabu, bwana. Anaingia kwenye seli mikono mitupu. Hana jiko, hana sufuria, hana hata kijiko. Kila kitu anaazima kwa mwenyeji, anazaa humo humo kwa vyombo vya watu, halafu watoto wake wanatoka na kwenda kupiga hodi kwa jirani, na nyumba waliyotoka inaanguka. Kwa hiyo Birika hakumtafuta mgeni tena, alitafuta vyombo. Kati ya vitu vyote vilivyomo kwenye seli, ni kipi ambacho mgeni huyu akikikosa ameadhirika? Alizima kimoja, akaangalia. Akazima kingine, akaangalia. Mwisho akafika kwenye protini moja yenye jina la herufi na namba zisizotamkika mtu akiwa na njaa, akaamua kuiita Yule Bwana. Seli alizozifutia Yule Bwana ziliishi kama kawaida, zikagawanyika, zikapendeza. Lakini kirusi akiingia humo alikwama. Anakaa tu, hazai.

"Na Yule Bwana alikuwa anafanya kazi gani humo ndani?" Profesa alimuuliza siku alipompelekea matokeo.

"Sijui, Profesa."

"Umemfukuza mtu nyumbani kwake, na hujui alikuwa anafanya kazi gani?"

"Ndiyo hivyo, Profesa. Najua tu kwamba mgeni amemlilia."

Profesa alikuwa mkuu wa maabara, mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, ambayo kila asubuhi aliitafuta. Alikuwa na sheria moja aliyoisimamia kuliko zote: tokeo la mkono mmoja ni uvumi. Kila kazi ilipaswa kurudiwa na mtu mwingine akifuata maelezo yaliyoandikwa, na mwenye kazi haruhusiwi kumsogelea wala kumnong'oneza. Ikisimama kwa mkono wa pili, hongera. Ikianguka, asante kwa jasho lako.

Sasa, Profesa alikuwa anastaafu. Mwisho wa mwezi ule kulikuwa na mkutano wa kumkabidhi mkuu mpya ofisi, na hapo ndipo ingeamuliwa kazi zipi ziendelee. Kazi ambayo haikusimama ingefungwa, na rafu yake kwenye jokofu la barafu ingesafishwa. Birika alijua maana ya kusafishwa. Seli zake zote, alizozilea kama vifaranga, zingemwagiwa dawa ya kuulia na kutupwa kwenye mfuko mwekundu. Hakuna njia ya kuzirudisha baada ya hapo.

"Nimeshapata mtu wa kurudia kazi yako," Profesa akamwambia. "Wifi yako."

"Profesa! Katika watu wote walioumbwa?"

"Mwingine angekuonea huruma. Wifi akikubali, dunia nzima imekubali."

Basi wifi akapewa maelezo, akapewa seli za aina mbili, zenye Yule Bwana na zisizo naye, akafunga mlango. Kwa muda wote huo Birika hakula vizuri. Wakikutana kwenye korido, wifi alijiziba mdomo kwa mkono wenye glavu na kupita ubavu ubavu kama kaa, ili sheria isivunjwe. Birika akacheka kwa woga. Mume wake jioni akimuuliza habari za kazi, anamjibu, "Muulize dada yako." Maskini, aliyesimama kati ya mke na dada hana kivuli cha kujikinga. Alijifanya anatengeneza redio ambayo haikuharibika.

Siku ya matokeo, wifi aliingia chumbani kwa Birika bila kupiga kelele mlangoni. Hakumwita Birika wala hakumtania kwa "habari za njaa?" kama kawaida yake. Alibeba trei ya visahani na uso wake ulikuwa umetulia. Birika alijua hapo hapo.

Nikueleze kinachosomwa. Ukitaka kujua kirusi amezaa kiasi gani, unachukua maji aliyomo, unayamwaga kwenye zulia la seli nzima nzima, unasubiri, kisha unalipaka zulia hilo rangi ya zambarau. Kila kirusi kimoja kilichotua kitakuwa kimetoboa tundu. Zambarau tupu maana yake mgeni alikosa uzazi. Kwa Birika, seli zisizo na Yule Bwana zilitoa zambarau tupu, safi kama kitambaa kipya. Kwa wifi, visahani vyote, vya Yule Bwana awepo na vya Yule Bwana asiwepo, vilikuwa vimetobolewa kama chujio la chai.

"Nimefuata kama ulivyoandika," wifi akasema. "Neno kwa neno. Nimerudia tena kwa siri, nikidhani nimekosea mimi. Yakaja yale yale."

Birika alikishika kisahani akakielekeza dirishani. Mwanga ukapita kwenye matundu yote. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Aliona uchungu, aliona na aibu, na aibu ndiyo iliyozidi.

"Wifi," dada mtu akasema, naye sauti imekatika, "mimi nakutania jina. Sikutanii kazi. Nilitaka isimame. Wallahi nilitaka isimame hata nikose cha kukucheka." Akamkumbatia na makoti yao meupe, trei katikati, nusura wavunje ushahidi.

Nyumbani Birika alilala mapema. Asubuhi, hata hivyo, aliamka na jambo moja linalomwasha kichwani. Seli zile zile, kirusi kile kile, maelezo yale yale. Kama tokeo lake lilikuwa uongo, basi uongo huo ulikuwa mwaminifu mno, maana ulimjia vile vile kila aliporudia. Na wifi naye si mzembe. Mikono miwili mizuri, majibu mawili. Kuna kitu kimepita katikati yao. Sasa matokeo yalikuwa yameshatoka, sheria haikumzuia tena kusogea, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja chumbani kwa wifi.

"Una masalio ya zile seli? Zile ambazo hukuzitia kirusi?"

"Ninazo. Mimi huwa situpi watoto." Wifi akafungua kabati la joto, akatoa kisahani, akakiweka chini ya darubini.

Birika aliinama kwenye lenzi. Akainuka. Akafuta lenzi kwa kitambaa, akainama tena.

Seli zilikuwa ni zake, alizitambua kwa umbo kama mtu anavyotambua mwendo wa mwanawe. Lakini Mungu wangu, zilivyokuwa! Zilikuwa zimevimba, zimebanana, na ndani ya kila moja kulikuwa na vitone vingi vinavyometameta, kama macho ya mafuta juu ya supu.

"Wifi, mbona zimenona hivi?"

"Zimenona nini? Ndivyo seli zilivyo zikiwa na mtu wa kuzijali."

"Ulizilisha nini?"

"Chakula! Uliandika nitie seramu, nikatia seramu."

"Kiasi gani?"

Wifi akamwonyesha kwenye chupa, kwa kidole, kama mtu anayeonyesha urefu wa mtoto wa jirani. Birika akashika kifua. Kwa kiasi kile yeye angelisha rafu nzima mpaka mvua zinyeshe.

"Mimi natia hivi," akasema, akaonyesha yeye, kidole chini kabisa karibu na kitako cha chupa.

Wifi alirudi nyuma hatua nzima. "Hivyo? Hivyo ndivyo unavyozilisha? Unawashindisha njaa watoto wa watu!"

"Hazifi!"

"Hata kaka yangu hajafa, lakini umemwona alivyo?"

Na kweli, Birika hakuwa ameandika kiasi. Aliandika kila kitu, joto, saa, aina ya plastiki, ila hilo hakuliandika, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kujulikana, kama vile mtu hakuandikii kuwa kabla ya kunywa ufungue mdomo. Kila mmoja alikuwa amelisha kwa mkono aliotoka nao kwao. Mmoja alitoka kwenye sufuria moja ya watu wengi. Mwingine alitoka kwenye mayai yanayoogelea.

Birika alitaka kukasirika, akajikuta hawezi, maana kulikuwa na kitu kinamjia. Aliketi kwenye kiti kirefu, mikono juu ya magoti.

"Subiri," akasema. "Subiri, usiseme neno."

"Sijasema."

"Unapumua kwa nguvu. Subiri." Akainama tena kwenye darubini, akavitazama vile vitone vinavyometameta. "Kirusi akiingia anajenga vyumba vyake humo ndani, siyo? Kuta za vyumba hivyo ni mafuta. Zangu hazipati mafuta ya nje. Zinajipikia zenyewe. Zako umezimwagia mafuta yaliyomo kwenye seramu mpaka yamefurika, hazina haja ya kupika."

"Endelea," wifi akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

"Kwangu, ukimfukuza anayepika, mgeni amelala njaa. Kwako, afukuzwe asifukuzwe, mgeni anakula kilichotoka dukani. Wifi! Yule Bwana ni mpishi! Yule Bwana anapika mafuta!"

Wifi akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Kwa hiyo aliyemlisha mdudu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu?"

"Na sahani ya pili umempakulia."

"Jamani ukarimu wangu! Hata adui akija kwangu anashiba!" Wakashikana mikono wakicheka mpaka darubini ikatikisika, na seli zilizonona zikatikisika nazo.

Profesa aliwasikiliza wote wawili wakizungumza kwa pamoja, akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akaona haimfai, akairudisha. "Hadithi tamu," akasema. "Lakini seramu ina vitu vingi kuliko soko. Mnajuaje kuwa ni mafuta, na si kingine?"

"Tutazinyima seramu," Birika akajibu, "halafu nyingine tutazipa mafuta matupu, peke yake. Kama ni mafuta, mgeni atazaa."

"Vizuri. Na mikono mtabadilishana. Birika atalisha za kushiba, wifi atalisha za njaa. Sitaki kesho mtu aniambie ni mikono inayofanya muujiza. Na alama za visahani nitazifunika mimi mwenyewe."

Ee bwana we, ungekuwepo siku ile ya kulisha! Walikaa bega kwa bega mbele ya makabati yao ya usalama, yale yenye kioo mbele na upepo unaovutwa juu, kila mmoja na kazi ya mwenzake. Wifi alitia kile kidogo alichoruhusiwa, akatazama visahani vyake, na uso ukamkunjamana kama wa mtu aliyefukuza yatima. "Nisameheni wanangu," akaziambia seli. "Si mimi. Ni mkaza mjomba wenu."

Birika naye alikuwa na vita vyake. Mkono ulifika pale ulipozoea kusimama, ukasimama wenyewe.

"Mimina," wifi akasema bila hata kugeuka.

"Namimina."

"Humimini, nasikia kimya chako. Mimina wewe! Hakuna aliyekufa kwa kushiba!"

Birika akafumba macho, akamimina. Alihisi kama amefungua bomba la maji akaliacha wazi kwenda safari. Lakini alipofumbua macho na kuyaona maji ya waridi yamejaa mpaka kwenye alama, akashangaa kuona mkono wake haujaanguka.

Kungoja kulikuwa kurefu. Mara hii, hata hivyo, walingoja pamoja. Wifi hakupita tena ubavu ubavu. Aliingia chumbani kwa Birika kila mapumziko ya chai, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kila mara alikuwa na wazo jipya la namna mambo yanavyoweza kuharibika. "Wifi, mdomo huo uufunge," Birika alimwambia. "Utatuletea nuksi." Hata yeye alikuwa na hofu, maana mkutano ulikuwa kesho ya siku ya kusoma, na muda wa kurudia haukuwepo tena. Matokeo yakikataa, rafu inasafishwa.

Asubuhi ya kusoma, Profesa alileta visahani, vyote vimebandikwa karatasi juu ya alama, mwenyewe ameweka herufi zake. Walimwaga maji kwenye sinki la dawa, wakatia zambarau, wakasubiri, wakasuuza. Birika alisoma kwanza, wifi akasoma baada yake akiwa amegeuziwa mgongo, na hawakuambiana. Majibu yakafika kwa Profesa, akayalinganisha. Kisha akaanza kubandua karatasi moja moja.

Seli za njaa, Yule Bwana yupo: matundu.

Seli za njaa, Yule Bwana hayupo: zambarau tupu. Na hizi zilikuwa zimelishwa na wifi, mkono wa tele, mkono usiojua kunyima. Birika akashika ukingo wa meza.

Seli za kushiba, Yule Bwana hayupo, zilizolishwa na mkono wa birika: matundu kama chujio.

"Imebaki moja," Profesa akasema. "Za njaa, Yule Bwana hayupo, zikapewa mafuta matupu." Akabandua. Akakiinua kisahani dirishani, miwani zote mbili zikiwa machoni, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Kilikuwa kimejaa matundu.

"Mpishi," Profesa akasema taratibu. "Ni mpishi kweli."

Wifi alipiga kigelegele. Hakikuwa cha kuigiza, kilikuwa kigelegele chenyewe, cha kutoka tumboni, kilichopita korido, kikashuka ngazi, kikatoka getini. Mlinzi alipanda mbio akiwa na rungu mkononi, akidhani kuna aliyeungua, akakuta wanawake wawili wamekumbatiana wanaruka ruka na mzee amekaa chini anajipepea na trei. "Kuna nini?" akauliza. "Tumempata mpishi!" wifi akamjibu. Mlinzi akatazama huku na huku. "Na chakula kiko wapi?"

Kesho yake mkutanoni, Birika alieleza kazi yake kwa kifupi, kwa sababu hata maneno aliyapima. Mkuu mpya alimuuliza kama hiyo sasa ni dawa. Birika akasema bado, dawa iko mbali, na seli kwenye kisahani si mtu kitandani. "Lakini tumezoea kumwinda mgeni, naye anabadilika kila leo," akasema. "Sasa tunalijua jiko analolitegemea." Hapo wifi akanyoosha mkono, na Profesa akafumba macho, maana alimjua.

"Mimi ndiye niliyempa huyu jina la Birika," wifi akauambia ukumbi. "Nikasema ana mkono wa kunyima. Basi nisikilizeni. Mimi nimelea seli tangu nikiwa msichana, nimezishibisha zote, na Yule Bwana angekaa mbele ya macho yangu mpaka nizeeke nisimwone. Aliyemwona ni huyu, kwa sababu ya mkono huu huu. Anayetaka kulicheka jina, sasa alicheke kwa heshima." Akaketi. Ukumbi ukapiga makofi, na mkuu mpya akasema rafu ya Birika iachwe ilivyo, na iongezwe nyingine kando yake.

Birika alitoka pale akiwa haoni ngazi vizuri kwa machozi ya furaha. Akamwalika wifi chakula jioni ile ile.

Alipika kama alivyozoea. Kikombe kimoja, watu wawili. Na upande wa wifi hakuhangaika sana, maana miaka yote hii wifi hakuwahi kuja bila chombo chake. Akatandika meza, akaacha nafasi katikati ya kukitua.

Hodi ikapigwa. Mume akafungua. Wifi akaingia, amevaa vizuri, na mikono yake ilikuwa mitupu.

Birika akatazama mikono ile. Akachungulia nyuma yake, pengine kimeachwa mlangoni. "Wifi, chombo kiko wapi?"

"Sikuja nacho."

"Umekisahau?"

"Sikukisahau. Leo nimekuja kula kwako."

Birika alisimama na mwiko mkononi. Miaka yote alikuwa akiingojea sentensi hiyo bila kujua anaingojea. Kisha akakumbuka sufuria, akajifunika uso kwa mwiko. "Wifi, nisamehe. Nimepika nikihesabu na chombo chako. Chakula hakitoshi."

Mume akakimbilia redio. Lakini wifi alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka akaketi sakafuni na nguo zake nzuri, akijipangusa macho. "Usiongeze hata punje," akasema alipopata pumzi. "Nipakulie hicho hicho. Nipakulie wewe, kwa mkono huo huo."

Birika akampakulia. Kilima cha wali kilikuwa kidogo, mchuzi ukazunguka pembeni. Akakitazama, akachukua sahani yake mwenyewe, akaimimina yote juu ya ile ya wifi bila kupima, na punje zikamwagika mezani. Wifi akazikusanya moja moja kwa kidole, akazila. Kisha akagawa sahani ile katikati kwa kijiko, akamsogezea Birika nusu yake, wakala sahani moja mpaka chini pakaonekana.

Mume aliwatazama, hana la kufanya. "Dada, nikuletee mkate?"

Wifi akajifuta mdomo, akaegemea kiti, akamtazama mke wa kaka yake.

"Wa nini?" akasema. "Nimeshiba."